Boksi la viatu kutoka Santa Claus, Indiana: kisa cha postikadi iliyoitwa bandia

Jumamosi moja ya Novemba jirani yangu hapa Louisville, Kentucky, mzee wa miaka 74, alinigongea mlango akiwa amekumbatia boksi la viatu lililofungwa kwa kamba. Anajua kwamba nakusanya karatasi za Krismasi za zamani: postikadi, vipeperushi vya bustani za burudani, majarida ya sikukuu. Boksi lilikuwa la mama yake, aliyefariki zamani, na lilikaa darini mpaka mafundi wa paa walipolikuta. Juu ya kifuniko mama mtu alikuwa ameandika kwa wino: Santa Claus Land 1946.

Mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale alikuwa ameshalipekua. Alitoa bei ya dola 60 kwa kila kitu, akasema postikadi moja aiweke pembeni kwa sababu ni bandia. Jirani alitaka nimjibu mambo matatu. Je, vitu hivi kweli ni vya 1946? Bei ile ni halali? Na ile moja, aitupe?

Nilimwomba aniachie boksi kwa wiki mbili. Nilichokiona humo nakieleza kwa kirefu, kwa sababu makosa yaliyokaribia kufanyika ni yaleyale ninayoyaona kila mwaka, watu wanapofungua madari ya wazazi wao.

Kwanza mahali penyewe. Santa Claus ni mji mdogo wa kusini mwa Indiana, katika wilaya ya Spencer. Ulipata posta yake mwaka 1856 kwa jina hilo. Kuanzia 1914 mkuu wa posta, James Martin, alianza kuwajibu watoto waliomwandikia Baba Krismasi, na muhuri wa posta ya pale ukawa kitu cha kutafutwa nchi nzima. Watoto wakaanza kupelekwa wenyewe, wakifika wanakuta mji wenye jina la Baba Krismasi na Baba Krismasi mwenyewe hayupo. Jambo hilo lilimkera Louis J. Koch, mwenye viwanda wa Evansville na baba wa watoto tisa. Tarehe 3 Agosti 1946 alifungua bustani ya burudani ya Santa Claus Land: duka la midoli, treni ndogo ya kupanda, na Baba Krismasi aliyekaa pale kuwapokea watoto. Disneyland ilifunguliwa Julai 1955, kwa hiyo Santa Claus Land iliitangulia kwa miaka tisa. Mwaka 1984 jina lilibadilishwa likawa Holiday World, na bustani ipo mpaka leo.

Mkusanyaji huanzia hapo. Chochote chenye jina Santa Claus Land kiko kati ya 1946 na 1984. Huo ni uwanja wa karibu miaka arobaini, na maandishi ya kwenye kifuniko hayatoshi kuufupisha. Kifuniko huandikwa siku moja, boksi hujazwa miaka yote.

Nilitandaza shuka jeupe mezani nikatoa kimoja kimoja. Kulikuwa na postikadi kumi na moja, bahasha tatu, kipeperushi cha bustani chenye ramani ndani, kibendera chekundu cha pembetatu, majarida manne ya Krismasi, na kipande cha jarida kilichokunjwa mara nne. Postikadi zilikuwa zimebanwa kwa mpira uliokwisha kukauka ukaganda kwenye kadi ya juu. Mpira wa namna hiyo usiuvute. Niliukata kwa mkasi mdogo, nikaacha mabaki yaliyoshika palepale yaliposhika.

Kipeperushi ndicho kilichotajwa sana na yule mfanyabiashara. Alikiita cha msimu wa kwanza. Hakina tarehe. Lakini ndani yake, pembeni mwa ramani, kuna mstari wa kiingilio: watu wazima senti 50, watoto bure. Santa Claus Land haikutoza kiingilio miaka ya mwanzo. Ilianza kutoza 1955, na ilianza kwa bei hiyohiyo. Basi hakiwezi kuwa cha 1946. Nikatazama anwani: imeandikwa Santa Claus, Indiana, bila tarakimu za msimbo wa posta. Misimbo hiyo ilianza Marekani tarehe 1 Julai 1963, na ya mji huu ni 47579. Hapa inabidi kuwa mwangalifu. Msimbo ukiwepo, umekupa hakika kwamba kitu ni cha baada ya 1963. Usipokuwepo, umekupa dalili tu, maana wachapaji wengi waliendelea kutumia anwani za zamani kwa miaka. Niliandika kwenye daftari: 1955 au baadaye, yaelekea kabla ya katikati ya miaka ya 1960. Sikuandika zaidi ya hapo.

Postikadi tisa kati ya kumi na moja ni za rangi zenye kung'aa, za bustani yenyewe, na hazikutumwa. Zilinunuliwa dukani zikahifadhiwa. Kadi kama hizi zilichapwa kwa maelfu, na leo huuzwa dola chache kila moja. Nazipenda, lakini sikukaa nazo muda mrefu.

Ya kumi ilinisimamisha. Uso wake una mikwaruzo midogo ya kupishana kama kitani, aina iliyotamba miaka ya 1930 na 1940. Picha ni ya sanamu ya Baba Krismasi yenye urefu wa futi 22, iliyozinduliwa pale mjini siku ya Krismasi ya 1935 kwa heshima ya watoto wa dunia. Nyuma kuna stempu ya kijani ya senti 1 yenye kichwa cha George Washington, na muhuri unasomeka vizuri: Santa Claus, Agosti 1946. Senti 1 ndiyo ilikuwa nauli ya postikadi wakati huo, na ilibaki hivyo mpaka mwisho wa 1951. Kadi, stempu, nauli na muhuri vyote vinakubaliana. Mama yule alikuwa amemwandikia dada yake kwamba wamempeleka mtoto wao kwa Baba Krismasi, mtoto akazishika ndevu kwa mikono miwili na hakuziachia mpaka baba yake alipomfungua vidole.

Bustani ilikuwa na umri wa wiki chache tu. Kwa hiyo maandishi ya kwenye kifuniko hayakuwa ya uongo. Yalikuwa ya kadi hii moja, na vingine vyote vikafuata nyuma yake mwaka baada ya mwaka. Yule mfanyabiashara alisoma kifuniko akakitandaza juu ya kila kilichomo, na cha ajabu, kitu pekee cha 1946 kilichokuwemo hakukigeuza akaona nyuma yake.

Sasa ile ya kumi na moja, iliyoitwa bandia.

Ni kadi yenye ukingo mweupe kuzunguka picha, Baba Krismasi ameshika kengele, karatasi yake imekuwa rangi ya chai. Imeandikwa kwa nyanya wa jirani yangu, Desemba 1923. Muhuri umegongwa SANTACLAUS, neno moja, bila nafasi. Mfanyabiashara alisema posta haiwezi kukosea jina la mji wake, kwa hiyo kuna mtu ametengeneza muhuri huo nyumbani.

Nilimpigia kaka yangu Tanga. Alifanya kazi posta miaka mingi, na yeye ndiye aliyenifundisha kutazama muhuri kabla ya stempu nilipokuwa bado navaa kaptula.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba mdogo wangu. Baridi imeanza huko?”

Nilimweleza. Akanikatiza nilipofika kwenye neno bandia.

“Usibandue kitu. Usisafishe kitu. Nipigie picha mbele, nyuma, na muhuri peke yake, taa iwe ya pembeni, isiwe juu. Halafu mtafutie jina la posta kwa miaka ile, si jina la leo. Posta hubadilisha majina kuliko watu wanavyojua.”

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1895 posta ya mji ule iliandikishwa kwa jina Santaclaus, neno moja, wakati idara ya posta ya Marekani ilipopendelea majina mafupi yasiyo na nafasi. Jina likabaki hivyo mpaka 1928, liliporudishwa kuwa maneno mawili. Kadi ya 1923 yenye maneno mawili ndiyo ingenitia shaka. Hii ya neno moja iko pale inapopaswa kuwa. Nauli yake pia ni sahihi: senti 1 mwaka 1923. Kwa taa ya pembeni niliona chuma cha muhuri kimebonyeza karatasi, na wino umeingia ndani ya nyuzi zake pamoja na kubaki juu. Kaka alipoziona picha alijibu kwa neno moja: “Halali.”

Ninaandika hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu mzee alikuwa ameshaitoa kadi hiyo boksini na kuiweka jikoni karibu na pipa. Kitu chenye thamani kuliko vyote kilikuwa mbali na takataka kwa hatua tatu, kwa neno la mtu aliyelijua jina la leo tu.

Nahamia kwenye bahasha, maana moja kati ya tatu ina kisa chake. Ni ya Desemba 1962, muhuri wa Santa Claus, na stempu yake ni ile ya kwanza kabisa ya Krismasi kutolewa na posta ya Marekani: shada la majani, mishumaa miwili na mlango, senti 4. Ilitolewa Pittsburgh tarehe 1 Novemba 1962, na watu waliigombea hadi ikabidi ichapwe tena na tena. Stempu yenyewe si adimu. Lakini nauli ya barua ilipanda kuwa senti 5 tarehe 7 Januari 1963, kwa hiyo stempu hiyo ya senti 4 ilitosha barua peke yake kwa Krismasi moja tu, na kuikuta imepigwa muhuri wa mji wa Santa Claus Krismasi hiyohiyo kunafurahisha moyo wa mkusanyaji.

Kilichonigusa mimi ni anwani. Ni ya nyumba hii hii ya jirani, na mwandiko ni wa mama yake. Watu walikuwa, na bado wapo, wanaotuma furushi la barua zao kwa mkuu wa posta wa Santa Claus ili zigongwe muhuri wa pale kabla hazijasambazwa. Mama aliingiza humo barua ya kwenda kwa wanawe mwenyewe, ikasafiri kwenda na kurudi ili ifike mlangoni kwake ikiwa imetoka mji wa Baba Krismasi. Nilipomwonyesha mzee alisema hakuwahi kujua. Maisha yake yote aliamini ilitoka huko.

Bahasha ya pili haina la kusema. Ya tatu ina pengo la mraba pembeni juu, mahali pa stempu, limekatwa kwa mkasi. Muhuri wote umeondoka nayo. Mzee aliishika kwa muda, akasema ni yeye. Alikuwa na miaka kumi, shuleni walikuwa wakibadilishana stempu, na alikata ile akabadilishana kwa moja ya nchi ya mbali asiyoikumbuka. Kilichobaki ni bahasha isiyo na tarehe wala mahali. Kwa bahasha za mji huu stempu ndiyo kitu kidogo na muhuri ndio mkubwa, na mkasi huvichukua vyote viwili. Ukimwona mtoto anaanza kukusanya, mfundishe kuchukua bahasha nzima.

Majarida yalikuwa na shida tofauti. Matatu ni ya Ideals, matoleo ya Krismasi. Ideals ilianzishwa Milwaukee mwaka 1944 na Van B. Hooper, ikianza na toleo la Krismasi. Ni mashairi, picha za theluji na makanisa ya vijijini, bila tangazo hata moja. Karatasi yake ni ya kung'aa, na karatasi ya kung'aa ina adui mmoja mkubwa: maji. Ikilowa, ule mpako wa juu hulainika, ukikauka kurasa zimeshikana kama tofali. Toleo moja lilipata tone la paa na kurasa sita za mwisho zimekuwa kitu kimoja. Mzee alitaka kuzitenganisha kwa kisu. Nilimzuia. Zilizobaki zinasomeka, na kisu kingechukua picha za pande zote mbili.

Jarida la nne ni la akina mama, la Desemba, limechapwa kwa karatasi nyepesi ya massa ya mti ambayo hujitengenezea asidi yenyewe: kingo zimeshakuwa kahawia na kona zinavunjika ukizigusa. Lina dirisha katikati ya ukurasa mmoja. Mfanyabiashara alilishusha thamani kwa sababu hiyo, na kwa vipimo vya soko hakukosea. Jarida lililokatwa ni jarida lililokatwa.

Lakini kulikuwa na kile kipande kilichokunjwa mara nne. Nilikifungua polepole kwa ncha za kibano. Ni mapishi ya keki ya matunda, kuna doa la siagi lililofanya karatasi ipenye mwanga, na pembeni kwa penseli mama ameandika kwamba sukari ipunguzwe. Nilikiweka juu ya dirisha lile. Kingo zilikutana pande zote nne, hata pale mkasi ulipoteleza kidogo kwenye herufi ya mwisho. Nilimwita mke wangu aje aone. Tulisimama pale mezani bila kusema kitu.

Sasa jibu kuhusu bei. Dola 60 si wizi kama unahesabu postikadi za kung'aa, kipeperushi na majarida yaliyoharibika. Ni kidogo mno ukijua kadi ya 1923 ni nini. Ila hoja yangu kwa mzee haikuwa kwamba adai zaidi. Nilitaka kujua vitu hivi vingefanywa nini baada ya kununuliwa, na yule mfanyabiashara alikuwa amemweleza wazi: postikadi zingeuzwa mojamoja, majarida yangefumuliwa, picha za Ideals zikatwe ziwekwe kwenye fremu, na bahasha ya 1962 iende kwa mtu wa stempu.

Hiyo ni biashara halali na watu wanaishi kwayo. Mimi naipinga kwa maboksi kama haya, na naipinga kwa moyo wote. Ukiitoa bahasha ya 1962 peke yake, ni bahasha nzuri yenye anwani ya Louisville. Ni mwandiko wa kwenye kadi ya 1946 ndio unaokuambia kwamba aliyeiandika ni mama wa nyumba ileile. Kipande cha mapishi bila jarida ni karatasi chafu, jarida bila kipande lina tundu. Kifuniko chenyewe, kilichompoteza mtu, kina maana kikiwa juu ya boksi hili tu. Vikitawanyika, hakuna mtu duniani atakayeweza kuvirudisha pamoja.

Mzee alinisikiliza, akauliza: kama si kuuza, basi nifanye nini? Tulifanya hivi. Nilipiga picha kila kitu mbele na nyuma. Klipu za chuma zilizoshika kutu nilizitoa; pini za majarida niliziacha. Kila postikadi na bahasha iliingia kwenye mfuko wake wa poliesta, ile plastiki ngumu isiyo na harufu. Ile laini inayonuka kama pazia jipya la bafuni itupeni, maana hutoa kemikali na hushika wino. Selotepu hapana kabisa. Majarida yalilazwa chini, hayakusimamishwa. Boksi jipya lisilo na asidi likaingia kwenye kabati la chumba cha kulala, kwa sababu dari za Louisville zinapikwa na joto la Julai na unyevu wa mto Ohio. Kifuniko cha zamani kimo ndani, juu ya vyote. Pale Santa Claus pia kuna jumba la makumbusho linalotunza barua na vitu vya mji ule, na mzee aliandika kwenye wosia wake kwamba boksi liende huko likiwa zima kama watoto wake hawatalitaka.

Bado kulikuwa na mtoto wa kwenye kadi ya 1946. Alikuwa kaka yake mkubwa, aliyezaliwa 1942, na ameshafariki. Ameacha binti mmoja anayeishi Oregon, ambaye hakuwahi kusikia habari za zile ndevu.

Wiki ya pili ya Desemba tulipanda gari langu. Ni mwendo wa zaidi ya saa moja kuelekea magharibi, na kabla hujafika unavuka mpaka wa majira na saa inarudi nyuma kwa saa moja, kwa hiyo tulifika karibu muda uleule tulioondoka, na mzee alifurahia jambo hilo kuliko nilivyotegemea. Posta ilikuwa na foleni mpaka nje, watu wameshika vikapu vya barua. Tangu 1983 kila Desemba pale hutumika muhuri wa picha, mpya kila mwaka, unaochorwa na mwanafunzi wa shule ya sekondari ya wilaya. Ndani ya bahasha yake mzee alikuwa ametia nakala za pande zote mbili za kadi ya 1946, na karatasi aliyoandika kwa mkono wake akimsimulia mpwa wake baba yake alivyokuwa akiwa na miaka minne.

Karani aligonga muhuri. Mzee aliomba arudishiwe bahasha kidogo, akaishika kwa kingo, akaupuliza wino mpaka ukakauka, ndipo akaitumbukiza.